Maji hayana mtumaji: jibu kwa msomaji wa Malindi kuhusu ishara za kwenda na kurudi

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi huko Malindi, anayemalizia mwaka wa mwisho:

"Shikamoo mwalimu. Natengeneza modeli ya pampu ya sola ya kisima cha shule kwa kutumia Simulink, programu ya kuchora modeli kwa visanduku na mistari. Nimeigawa mifumo midogo mitatu: pampu, bomba na tangi. Pampu inalipelekea bomba maji, lakini bomba nalo linairudishia pampu presha, maana tangi likiwa juu pampu inalemewa. Nilijaribu kuvuta mstari mmoja wa kwenda na kurudi, programu ikakataa. Nikavuta mistari miwili, sasa inanipa onyo la kitanzi cha aljebra. Rafiki yangu akaniambia niweke kisanduku cha kuchelewesha. Onyo likaondoka, lakini grafu inatetemeka toka mwanzo hadi mwisho. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza ondoa wasiwasi. Programu yako ni nzima, na milinganyo yako huenda ni sahihi yote. Umefika mahali ambapo mchoro unakuuliza swali la fizikia, na dawa ya rafiki yako imelinyamazisha swali bila kulijibu.

Mstari wa Simulink una mshale kwa sababu maalumu. Unabeba ishara, yaani thamani inayotoka kwa anayeijua kwenda kwa anayeihitaji, na anayepokea hana uwezo wa kuibadilisha. Boya la tangi likiiambia swichi "maji yamejaa," swichi haiwezi kulijibu boya "punguza kidogo." Kwa habari za namna hiyo mshale mmoja unatosha, na kila mlango wa mfumo mdogo ni ama wa kuingilia ama wa kutokea.

Bomba la maji haliko hivyo. Hapa Lamu ziko nyumba zenye matangi mawili juu ya dari, yameunganishwa chini kwa kipande cha bomba. Lipi linapeleka na lipi linapokea? Asubuhi la kushoto limejaa, maji yanakwenda kulia. Adhuhuri mtu anafungua mfereji wa jikoni unaopata maji kutoka tangi la kushoto, na maji yanarudi kushoto kwa bomba lile lile. Hakuna aliyegeuza kitu. Maji hayana mtumaji. Yana kimo cha huku na kimo cha kule, na tofauti ya vimo hivyo ndiyo inayoamua yaende wapi na kwa wingi gani. Ukikaa ukutani mbele ya mji wakati wa bamvua utayaona hayo hayo kwa ukubwa wake: maji yakijaa yanaingia, yakipwa yanatoka, njia ni moja.

Kwa hiyo mahali bomba linapokutana na tangi kuna vitu viwili kwa pamoja, presha na mtiririko. Kwenye waya ni volteji na mkondo. Kwenye mhimili wa mota ni nguvu ya kuzungusha na kasi ya kuzunguka. Zidisha viwili vya kila jozi, katika vipimo vyake vya kawaida, utapata wati. Jozi hizi zilipewa mchoro wake maalumu mwaka 1959 na Henry Paynter wa chuo cha MIT cha Marekani, mchoro uitwao bondi grafu: kila kiungo ni mstari mmoja wenye nusu mshale, na mstari huo unabeba vyote viwili. Kwenye ncha moja ya mstari huwekwa kijistari kidogo cha kukingama, kinachoonyesha ni upande upi unaoamua kipi. Kijistari hicho ndicho kinachokosekana kichwani mwako ukivuta mistari ya Simulink, kwa hiyo tukiweke.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kutamka: kwenye kila kiungo, upande mmoja unatangaza presha na upande wa pili unajibu kwa mtiririko. Pande zote mbili haziwezi kutangaza presha, na haziwezi zote kutangaza mtiririko. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kuvuta mistari miwili. Lililobaki ni kujua nani atangaze nini, na hapo mimi humwangalia mwenye kumbukumbu.

Tangi lina kumbukumbu. Kimo chake cha sasa kimetokana na maji yote yaliyoingia na kutoka tangu mwanzo, na hakiwezi kuruka ghafla. Kwenye mchoro hiyo ni intigreta, kisanduku kinachojumlisha kinachoingia na kutoka kadiri muda unavyokwenda. Basi tangi lipokee mtiririko na litangaze kimo, ambacho ndicho presha yake ikipimwa kwa mita za maji. Bomba fupi halina kumbukumbu. Linapewa vimo viwili, linatoa mtiririko mmoja na kuwatangazia jirani zake wote wawili, huku kwa alama ya kutoa, kule kwa alama ya kujumlisha. Jaribu kuchora matangi mawili yenye bomba katikati kwa mpango huo. Mistari itakwenda na kurudi pande zote, wala hutaona onyo lolote, kwa sababu kila mzunguko unapita ndani ya intigreta, na intigreta huanza kila hatua ya muda ikiwa tayari inajua thamani yake.

Sasa angalia pampu yako na bomba lako. Nimechagua nambari nyepesi ili ufuate kwa kalamu. Mtiririko tuuite Q, kwa mita za ujazo kwa saa. Tuseme pampu inaweza kusukuma kimo cha 24 − Q² mita: ikifungwa kabisa inafika mita 24, na kadiri inavyotoa maji mengi ndivyo inavyopungukiwa. Bomba linadai 6 + Q²: mita 6 ni za kupandisha kutoka maji ya kisima hadi maji ya tangi, na Q² ni msuguano. Ukiyasawazisha, Q² ni 9, Q ni 3, na kimo ni mita 15. Kisimani makubaliano hayo hufikiwa kwa kufumba na kufumbua. Kwenye mchoro wako, pampu inangoja kuambiwa Q ili itoe kimo, na bomba linangoja kuambiwa kimo ili litoe Q. Hakuna kati yao aliye na kumbukumbu ya kuanzia. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na kungojana huko ndiko programu inakokuita kitanzi cha aljebra.

Tuingize kisanduku cha rafiki yako. Kisanduku cha kuchelewesha kinaipa pampu Q ya hatua iliyopita. Tuanze na 0. Pampu inasema mita 24. Bomba linatoa 6, zinabaki 18, na kipeuo chake cha pili ni 4.24. Hatua inayofuata pampu inasikia 4.24, inasema 24 − 18, yaani mita 6. Bomba linatoa 6, hakibaki kitu, Q ni 0. Hatua inayofuata tena ni 4.24. Kisha 0. Kisha 4.24. Jibu la kweli ni 3, na modeli hii haitafika 3 hata ukiiacha mpaka kesho. Ukianzia 2, itakwenda 3.74, irudi 2, iende 3.74. Ndio mtetemo wako huo.

Usifikiri kupunguza hatua ya muda kutasaidia. Tazama hesabu niliyoifanya: muda haumo ndani yake popote. Ukitoka sekunde moja ukaenda elfu moja ya sekunde, nambari zitakuwa zile zile, zitatetemeka kwa haraka zaidi tu.

Linalonisumbua mimi zaidi ni hili. Badilisha bomba liwe jembamba, lidai 6 + 2Q². Sasa Q² inakwenda 9, 4.5, 6.75, 5.6, na polepole inatulia kwenye 6, ambalo ni jibu sahihi. Grafu nzuri, hakuna onyo, utaiamini. Badilisha liwe pana, lidai 6 + 0.5Q², na hatua ya kwanza tu Q² inafika 36, pampu inatoa kimo cha mita −12, na hatua ya pili programu inatafuta kipeuo cha pili cha nambari hasi. Yaani modeli ile ile inasema kweli au inasema uongo kutegemea upana wa bomba ulilonunua. Miaka ya nyuma nilimwambia mwenye nyumba mmoja wa Shela kwamba pampu yake inayumba na abadilishe bomba, kwa sababu grafu yangu ilionyesha hivyo. Pampu ilikuwa salama salimini. Kilichoyumba ni kisanduku changu cha kuchelewesha. Alishatumia pesa. Tangu hapo, kila nikikutana na kisanduku hicho namuuliza aliyekiweka: ucheleweshaji huu uko wapi kwenye mtambo wenyewe? Kama kidhibiti cha pampu kinasoma kipimo kila baada ya sekunde moja, ucheleweshaji upo kweli, kiweke, na ukipe sekunde moja ile ile. Kama hupati pa kuonyesha, kiondoe.

Ukishakiondoa una njia tatu. Ya kwanza ni kuvunja ukuta. Uligawa modeli mahali ambapo fizikia haina mpaka, ukaitenga pampu na bomba ilhali wanaamua pamoja. Watie kwenye mfumo mdogo mmoja, tatua mlinganyo kwa mkono, Q ni kipeuo cha pili cha nusu ya 24 − h, ambapo h ni mita za kupandisha. Kwa h ya 6 unapata 3 moja kwa moja. Kitanzi hakipo tena. Kwa kazi ya chuo hii inatosha, ilmradi mlinganyo wa pampu uwe rahisi kutatulika.

Ya pili ndiyo niipendayo, kwa sababu inaifanya modeli iwe ya kweli zaidi. Nilisema bomba fupi halina kumbukumbu, lakini bomba refu linayo: maji yaliyomo yana uzito, na uzito ukishaanza kwenda hausimami ghafla. Uharaka wa mtiririko kubadilika unatokana na kimo kilichozidi, kikazidishwa kwa g, yaani mvuto wa dunia, na eneo la tundu la bomba, kikagawanywa kwa urefu. Tuseme bomba lako ni la milimita 50 kwa urefu wa mita 40. Eneo ni kama mita za mraba 0.00196. Ukifanya hesabu, kila mita moja ya kimo kilichozidi inaongeza Q kwa takriban 1.7 kila sekunde, kwa vipimo vyetu vya mita za ujazo kwa saa. Sasa Q imekuwa ndani ya intigreta. Bomba linapokea kimo kutoka pampu na kimo kutoka tangi, linatangaza Q. Pampu inapokea Q, inatangaza kimo. Mistari inakwenda na kurudi kama ulivyotaka, na kitanzi kimekatwa na uzito wa maji wenyewe. Ukiiwasha kutoka 0 utaona Q inapanda moja kwa moja na kutulia kwenye 3, bila kupita, ndani ya nusu sekunde.

Hapo utakutana na shida ndogo: bomba linatulia kwa sehemu ya sekunde, tangi linajaa kwa saa kadhaa. Solva, yaani sehemu ya programu inayotatua milinganyo hatua kwa hatua, ikiwa ya kawaida kama ode45 italazimika kutembea kwa hatua ndogo ndogo kwa ajili ya bomba hata pale ambapo halibadiliki tena. Chagua ode15s au ode23t, zilizotengenezwa kwa mifumo yenye kasi zinazotofautiana sana, na siku nzima ya jua utaipitia kwa muda mfupi.

Ya tatu ni kumwachia Simulink akitatue kitanzi mwenyewe. Anaweza, kila hatua anabahatisha Q, anapima kosa, anasahihisha kwa mbinu ya Newton mpaka pande zikubaliane. Msaidie kwa kuweka kisanduku cha IC, yaani thamani ya kuanzia, kwenye mstari ili aanze kubahatisha karibu na ukweli. Lakini inapunguza mwendo, inaweza kushindwa pale valvu inapofunga ghafla, na ukitaka baadaye kugeuza modeli iwe msimbo wa kuendesha kidhibiti, kitanzi kitakuzuia. Mimi huweka mpangilio wa onyo hilo uwe kosa kamili tangu siku ya kwanza, ili nisilizoee.

Umeuliza pia, kwa maneno yako, kwa nini kusiwe na mstari mmoja wa kwenda na kurudi. Upo, ila hauko kwenye visanduku vya kawaida. Simscape, nyongeza ya Simulink iliyotoka 2007, ina mistari isiyo na mshale. Kila mstari ni kiungo cha fizikia na unabeba jozi nzima. Kwenye makutano presha inakuwa moja kwa wote, na jumla ya mitiririko inakuwa sifuri, kanuni ile ile ambayo mwanafizikia Kirchhoff aliitoa kwa umeme mwaka 1845. Huamui wewe nani atangaze nini. Programu inakusanya milinganyo yote na kuitatua kwa pamoja. Ukitaka kiungo hicho kipite ukuta wa mfumo mdogo, weka kisanduku cha Connection Port ndani yake badala ya mlango wa kuingilia au wa kutokea. Kila mtandao unahitaji kisanduku cha mipangilio ya solva, na mahali pa kuanzia kupima, mfano ardhi ya umeme. Kuvuka kutoka ulimwengu wa mishale kwenda huu, au kurudi, kuna visanduku vya kubadilishia.

Kama leseni ni ghali, na najua kwa mwanafunzi ni ghali, itafute OpenModelica. Ni ya bure. Lugha yake, Modelica, ilitolewa toleo la kwanza mwaka 1997 na ilibuniwa kwa ajili ya viungo vya namna hii: unaandika bomba kama mlinganyo, wala sio kama amri ya "pokea hiki, toa kile."

Hata hivyo ningekushauri modeli hii uimalize kwa mishale kwanza. Ukishajipa tabu ya kuamua nani anatangaza presha, utauelewa mtambo wako kiasi ambacho mistari isiyo na mshale haitakulazimisha kuuelewa.

Na usiigeuze kila kitu kiwe cha pande mbili. Jua linaipa paneli mwanga. Paneli hailirudishii jua kitu. Kisima kilicho karibu na pwani maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa hiyo ile mita 6 yako si thabiti, lakini pampu ya shule haiwezi kuisogeza bahari. Hapo mshale mmoja ni ukweli mtupu. Pahali pa kuangaliwa ni kati ya paneli na mota, kwa sababu mkondo wa paneli unategemea volteji, na volteji inategemea mkondo ambao mota inavuta. Ni pampu na bomba upya. Angalia mtambo wenyewe: kidhibiti cha pampu kwa kawaida kina kapasita mahali nyaya za paneli zinapoingia, na kapasita ni tangi la umeme. Iweke kwenye modeli, itangaze volteji, na kitanzi hicho nacho kitakatika.

Kwenye uchoraji wenyewe, mistari ikiwa mingi ifunge vitita viwili kwa kila jozi ya mifumo midogo: kitita cha kwenda na kitita cha kurudi. Usiirushe kwa Goto na From, visanduku vinavyopeleka ishara bila mstari kuonekana, kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, wala usiihifadhi kwenye Data Store, ghala la pamoja la thamani, ili upande wa pili uisome. Itafanya kazi, lakini atakayekuja baada yako hataona nani anamtegemea nani, na kwenye Data Store jibu linaweza kutegemea ni kisanduku kipi kilitangulia kukokotolewa. Amua pia alama mapema na uziandike kwenye mchoro: mimi huweka "kuelekea tangi" kuwa chanya kila mahali. Alama moja ikigeuka, tangi likijaa litazidi kuvuta maji, na utatafuta kosa siku tatu.

Ukipata onyo la kitanzi na una hakika intigreta ipo njiani, angalia kama mfumo mdogo umewekewa alama ya kuchukuliwa kuwa kitu kimoja. Programu hukokotoa kisanduku kama hicho chote kwa mkupuo, kwa hiyo huona kitanzi hata pale ambapo mlango wa kutokea hauhusiani na ule wa kuingilia. Ondoa alama hiyo, au chagua Minimize algebraic loop occurrences.

Usiku wa leo anza na bomba peke yake. Lipe kimo cha pampu kwa mlinganyo wa 24 − Q² na kimo cha tangi cha 6 kisichobadilika, Q ianze 0. Likitulia kwenye 3, zidisha kwa vipimo vya kawaida, pamoja na uzito wa maji: mita za ujazo 3 kwa saa zikipandishwa mita 15 ni takriban wati 123 za maji. Weka kisanduku kinachopima wati zinazotoka kwenye pampu, kingine kinachopima zinazopotea kwa msuguano, na cha tatu kinachopima zinazopandisha maji hadi kwenye tangi. Q ikishatulia, ya kwanza lazima iwe sawa na jumla ya mbili zilizobaki: 123 kwa 74 na 49. Zikikubaliana ndipo uliongeze tangi na intigreta yake, kisha jua. Zikikataa, usiendelee, niandikie tena, uniambie ni kiungo kipi kinachopoteza au kuzua wati.